Mapunye ya mdogo wangu yalitoka kwenye mashine yangu

Kikundi kimesema mwezi huu tuandike kuhusu afya. Wenzangu wamechukua malaria, wamechukua mimba za utotoni, wamechukua msongo wa mawazo. Hayo ni makubwa na yameandikwa vizuri. Mimi nimechukua dogo, lile ambalo tukilisikia tunacheka: fangasi. Mapunye ya kichwani, mashilingi ya mwilini, fangasi za miguuni, na zile za sehemu ambazo hatuzitaji mbele za watu.

Kabla hujacheka, nikuambie kwa nini nimechagua hili. Mimi ni kinyozi. Nina miaka 24. Nilizaliwa Fizi, Kivu Kusini, nikavuka Ziwa Tanganyika nikiwa mgongoni kwa mama, na maisha yote ninayoyakumbuka yako hapa Nyarugusu, wilaya ya Kasulu, katika kambi iliyofunguliwa mwaka 1996. Nina mashine moja ya kunyolea, betri moja na sola, kioo kilichovunjika pembe, na benchi chini ya mwembe. Kwa kazi hiyo tunanunua chumvi, nyanya na daftari za watoto. Na kwa kazi hiyo hiyo niliwaambukiza watoto mapunye. Mmoja wao ni mdogo wangu, tumbo moja.

Alikuwa na miaka minane. Ilianza kama mba tu. Utosini kukatokea kaduara keupe, ukubwa wa kifuniko cha soda, nywele zimekatikia karibu kabisa na ngozi, vimebaki vidoa vyeusi. Kwa watoto wa kambini kitu kama hicho hakimshtui mtu. Nenda bombani asubuhi uhesabu vichwa, utaona. Mama akasema akikua itaisha. Mimi nikamnyoa kipara ili kichwa kipate hewa. Nikamaliza, nikaipangusa mashine kwa kitambaa, nikaipuliza kwa mdomo, nikaita mteja mwingine akae.

Duara likaongezeka. Majirani wakaanza kuleta dawa za kwao. Mmoja alisema mafuta ya taa. Mwingine alisema unga mweusi wa betri ya redio. Mama alijaribu mafuta ya taa mara moja tu, mtoto akalia usiku kucha na ngozi ikababuka. Basi nikasema mimi ndiye mkubwa, nitanunua dawa ya kweli. Nikaenda kwenye duka moja, nikaeleza. Muuzaji akanipa tyubu ndogo akasema, "Hii inaua vyote, fangasi, bakteria, mzio, kila kitu." Nikafurahi. Nani hapendi dawa moja inayomaliza vyote?

Siku ya tatu kuwasha kukaisha. Wekundu ukapungua. Nikajisifu mbele ya mama. Wiki ya pili tyubu ikaisha, na sisi tukaona kazi imeisha. Wiki ya tatu yakatokea maduara matatu badala ya moja, na lile la kwanza likavimba. Likawa bonge laini, ukiligusa linatoa usaha kwenye matundu madogo madogo kama ya chujio. Nyuma ya shingo yakatoka mitoki. Usiku mwili ukawa moto. Alikuwa ananiambia, "Yaya, kichwa inaniuma," na mimi sikuwa na la kumjibu.

Shuleni mwalimu mmoja alimwambia akae nyumbani mpaka apone. Watoto wakampa jina, wakamwita Shilingi. Akaanza kuvaa kofia ya sufu mchana kwenye jua kali, na usiku analala nayo. Ukitaka kumvua analia.

Jioni moja mzee wa jirani alikuja na wembe. Alikuwa ameshauosha kwa maji moto, nia yake ilikuwa njema. Akasema hili ni jipu limeiva, lipasuliwe. Mama akaangalia wembe, akamwangalia mtoto, akasema, "Papa, tungojee kwanza asubuhi." Maneno hayo machache ya mama yaliokoa kichwa cha mtoto wake.

Tulifika kituo cha afya kabla jua halijatoka, tukapanga foleni. Muuguzi aliyetupokea ni mama mtu mzima, Mtanzania. Tukamwamkia, akavaa glovu, akakigeuza kichwa taratibu. Akashika unywele mmoja pembeni ya uvimbe akauvuta kidogo, ukatoka wenyewe bila mtoto kushtuka. Akasema, "Hili si jipu. Mtu asilipasue. Haya ni mapunye, mwili wake umeamua kupigana nayo kwa nguvu ndiyo maana pamevimba hivi. Mkilipasua mtamwachia kovu na maumivu bure."

Halafu akauliza, "Anayemnyoa huyu mtoto ni nani?"

"Ni mimi, mama."

"Unamnyoa kwa nini?"

"Kwa mashine. Mimi ni kinyozi."

Akaweka kalamu chini. "Jumamosi unanyoa vichwa vingapi?"

"Inafika hata ishirini, wengi watoto, maana Jumapili wanaenda kanisani."

"Na katikati ya kichwa na kichwa unaisafishaje?"

Nikamwambia ukweli. Kitambaa, na kupuliza. Hakunigombeza. Afadhali angenigombeza. Alinyamaza kidogo, kisha akavuta kiti akaanza kunifundisha kama mwanafunzi wake. Yale aliyonifundisha ndiyo nataka mjue na ninyi.

Fangasi ni kuvu. Ni ndugu wa ule ukungu unaouona kwenye mkate uliokaa au kwenye unga uliolowa. Si mdudu, si minyoo, si uchawi, si laana ya familia. Inapenda joto, unyevunyevu na giza, na chakula chake ni ile protini ya ngozi ya juu, ya nywele na ya kucha. Kichwani inaingia ndani ya unywele wenyewe mpaka kwenye shina lake. Ndiyo maana nywele zinakatika. Na ndiyo maana mapunye ya kichwani hayaponi kwa kupaka peke yake: krimu inabaki juu ya ngozi, kuvu iko chini kwenye shina la unywele. Lazima dawa ipite tumboni, iingie kwenye damu, ifike kule chini.

Akatuandikia vidonge vya griseofulvini. Kipimo alikipima kwa uzito wa mtoto, kwa hiyo msiniulize alimeza vingapi, cha mtoto wangu si cha mtoto wako. Lakini mambo mawili ya vidonge hivi ni ya kila mtu. La kwanza, ni dawa ya wiki sita mpaka nane, wakati mwingine zaidi, na inamezwa kila siku. La pili, inamezwa pamoja na chakula chenye mafuta, kwa sababu bila mafuta mwili hauichukui vizuri, inapita tu.

Sasa hapo ndipo palipokuwa na kazi. Anayeishi kwa mgao ananielewa. Mwisho wa mwezi mafuta yanakuwa yamebaki ya kulamba kwenye kifuniko. Mama alifanya hivi: siku ya mgao, kabla hajapika chochote, alijaza mafuta kwenye chupa ndogo ya dawa ya kikohozi, akaificha juu ya boriti. Hiyo ilikuwa ya mgonjwa peke yake, kijiko kimoja juu ya ugali wake. Chupa ilipoisha, nikawa nanunua karanga kwa hela ya kunyoa. Wengine nyumbani walinung'unika. Dada yangu mdogo aliuliza kwa nini yeye hapewi karanga, ana kosa gani. Ilikuwa haki yake kuuliza.

Wiki ya tatu uvimbe ulishuka, usaha ukakauka, nywele ndogo kama za mtoto mchanga zikaanza kuota. Mtoto akavua kofia mwenyewe. Na hapo hapo mimi nikasema, si amepona? Vidonge vilivyobaki tuviweke, mwingine akiumwa tutampa. Nasema kweli, nilikuwa nimeshavifunga kwenye karatasi. Mama ndiye alinikumbusha ile tyubu. Tuliacha kuwasha kulipoisha, ikarudi. Nikaelewa: haikurudi. Haikuwa imeondoka.

Hilo ndilo neno langu kubwa leo. Sisi tunapima kupona kwa kuwasha. Kuwasha kukiisha tunasema tumepona. Kumbe kuwasha ni kelele tu ya ugonjwa, na ugonjwa unaweza kunyamaza ukiwa bado uko ndani. Tulimaliza wiki zote nane, tukarudi akaangaliwa tena, ndipo akaruhusiwa kuacha.

Na ile tyubu? Niliibeba siku ya pili kuja kwa muuguzi. Akanisomesha maandishi madogo. Ndani kulikuwa na dawa ya fangasi kweli, na ya bakteria, lakini pia kulikuwa na betamethasoni, ambayo ni steroidi. Steroidi inatuliza kuwasha na wekundu haraka sana, ndiyo maana tunaipenda. Lakini inafanya hivyo kwa kuwalaza askari wa mwili. Kuvu inabaki inakula kwa raha, hakuna anayeipigia kelele. Inasambaa, na ile duara yake inapotea sura, hata mganga anaweza kushindwa kuitambua. Kwa hiyo ukinunua dawa ya fangasi ya ngozi, soma. Klotrimazoli, mikonazoli, ketokonazoli, terbinafini, hizo ni za fangasi. Klotrimazoli na ketokonazoli kwenye boksi huandikwa kwa C na K, usichanganyikiwe. Ukiona betamethasoni, klobetasoli au deksamethasoni, rudisha, uliza kwanza mhudumu wa afya. Na dada zangu wanaojipaka mkorogo kujichubua, mjue mikorogo mingi ina klobetasoli ndani. Ukiona mashilingi yanakutambaa mgongo mzima na hayaponi, anza kwa kuutazama mkorogo.

Sasa turudi nyumbani. Muuguzi alisema, "Kesho niletee wote mnaolala nao." Tulikuwa saba kwenye nyumba ya chumba kimoja na sebule ya shitingi. Tukaenda wote. Dada mdogo alikuwa na kaduara nyuma ya sikio ambacho hakuna aliyekiona chini ya nywele zilizosukwa. Binamu yetu alikuwa na mashilingi mawili tumboni. Mimi nilikuwa nayo kwenye mkono wa kushoto, ule ninaoshikia kichwa cha mteja. Nilikuwa nayo muda mrefu nikidhani ni kuungua. Watu wanne, kitanda na mikeka ya kushirikiana, taulo moja, kitana kimoja. Angetibiwa mmoja tu, wale watatu wangemrudishia ndani ya mwezi.

Dada mdogo naye alipewa vidonge. Mimi na binamu, kwa kuwa yetu yalikuwa ya ngozi tu, tulipewa klotrimazoli ya kupaka, asubuhi na jioni, kuanzia nje kidogo ya duara, kama upana wa kidole kimoja, kuja ndani. Maana kuvu inatembea pembezoni, pale katikati panapoonekana pamepona yenyewe imeshahama. Na baada ya ngozi kuwa safi unaendelea kupaka wiki moja mpaka mbili tena. Wale wa kichwani walipewa pia shampuu ya ketokonazoli ya kuoshea mara mbili kwa wiki. Hiyo peke yake haiponyi mapunye, inapunguza tu mbegu za kuvu zinazodondokea wengine.

Mtoto hakulazimika kukaa nyumbani. Muuguzi aliandika barua: ameshaanza dawa, arudi shule. Walimu mnaosoma hapa, naomba mlijue hilo. Mtoto wa mapunye akianza matibabu anaweza kukaa darasani. Kumfukuza kunamfundisha kuficha tu, na anayeficha ndiye anayeambukiza.

Nyumbani tulifua mashuka, kofia, nguo na taulo, tukaanika juani, mikeka pia. Ile kofia ya sufu mama aliichoma. Kila mtu akapata kitambaa chake cha kujifutia, hata kama ni kipande cha kitenge kilichokatwa. Kitana tulinunua kingine.

Ikabaki mashine.

Ndugu zangu, usiku ule nilifungua skrubu za meno ya mashine kwa mara ya kwanza tangu niinunue. Ndani kulikuwa na nywele za watu nisiowakumbuka, zimeshikana na mafuta na mba, zimekuwa kama ugoro. Kila niliyemnyoa nilimpitishia hizo kichwani. Nilikaa nazo mkononi. Nikawaza watoto wa Jumamosi. Nikawaza yule wa mama mjane wa mtaa wa pili, aliyekuja na kichwa safi mwezi mmoja kabla, na wiki hiyo hiyo nilikuwa nimemwona bombani ana duara.

Nilikuwa na njia mbili. Kunyamaza, maana hakuna aliyejua. Au kusema, na nipoteze wateja. Kambini kazi ikiharibika jina hupati nyingine. Mama akaniambia, "Ukinyamaza utawanyoa tena Jumamosi?" Sikulala.

Kesho yake nilienda kwa yule mama. Nikamwambia, mama, nadhani mapunye ya mtoto yametoka kwangu, nisamehe, kuna dawa kituoni, nitakusindikiza. Alinitukana. Alinitukana kwa Kibembe na kwa Kiswahili, majirani wakatoka. Siwezi kumlaumu. Wiki nzima benchi langu lilikaa tupu, wateja wakaenda kwa kinyozi mwingine, ambaye naye anapangusa kwa kitambaa. Lakini yule mama alimpeleka mtoto. Siku ya tano akanitumia mtoto mkubwa kuniuliza kama zile dawa ni lazima zimezwe na mafuta. Nikampelekea karanga.

Sasa hivi nafanya kazi hivi. Mtu hajakaa, naangalia kichwa kwanza. Nikiona duara, magamba au nywele zilizokatika, simnyoi. Simtangazi pia. Namwambia kwa sauti ya chini, nenda kituoni kwanza, ukimaliza dawa kichwa cha kwanza ni bure. Kumbe kutibu mapunye hakuhitaji mtu anyolewe, dawa inafanya kazi hata nywele zikiwepo. Baada ya kila mteja napiga mswaki kwenye meno ya mashine mpaka hakuna unywele, napaka spiriti, naiacha ikauke yenyewe. Jioni nafungua skrubu, naosha meno kwa sabuni, nakausha vizuri, spiriti tena, halafu oili. Spiriti juu ya nywele chafu ni kudanganyana, lazima nywele zitoke kwanza. Vitana na zile kofia za plastiki za mashine naziosha kwa sabuni, halafu naziloweka dakika kumi kwenye maji ya jiki, kipimo kimoja cha jiki kwa vipimo tisa vya maji. Vyuma siloweki kwenye jiki, vinashika kutu. Anayetaka wembe, wembe mpya, anaufungua mwenyewe. Hapo si fangasi tu, kuna virusi vya UKIMWI na homa ya ini pia. Mwenye kitana chake anakuja nacho.

Inanichukua muda. Zamani Jumamosi nilinyoa ishirini, sasa nanyoa kumi na mbili. Lakini wanaokuja ni wale wale, na mama zao wanawaambia wengine.

Nisimalizie kichwani tu, maana wengi wenu shida yenu iko miguuni. Mimi mwenyewe kila masika, nikivaa mabuti ya mpira kwenda shamba na kuni, kati ya kidole cha mwisho na cha nne ngozi inakuwa nyeupe, inachanika, inanuka. Nilikuwa napaka siku nne, naacha. Masika mengine, tena. Niliyojifunza: dawa wiki nne kamili. Ukishaoga, kausha kati ya vidole, kila nafasi, kitambaa cha miguu kiwe chake peke yake. Mabuti yaanikwe yakiwa yamepinduliwa mdomo chini kwenye jua, na ukiweza usivae viatu vile vile siku mbili mfululizo. Soksi zilizolowa usizirudie. Na hili litawachekesha: kama una fangasi miguuni, vaa soksi kwanza ndipo uvae chupi. Chupi ikipita kwenye miguu mitupu inabeba kuvu kupeleka juu, mapajani. Wanaume wengi wanajikuna huko hawajui ilipotokea.

Dada yangu mkubwa amesoma hadi hapa akasema, "Na sisi?" Ameniruhusu niandike. Alikuwa na muwasho ukeni na uchafu mweupe mzito kama maziwa yaliyoganda. Aliogopa watu watasema ni malaya. Akanunua vidonge vya antibayotiki kienyeji, ikazidi. Ikazidi kwa sababu antibayotiki zinaua bakteria wazuri wanaoizuia kuvu isiote. Akawa anajiosha ndani kwa sabuni na chumvi, ikazidi tena. Alipofika kituoni aliambiwa hii si lazima itokane na ngono, hata msichana ambaye hajawahi kulala na mtu anaipata. Akapewa klotrimazoli ya kuweka ukeni, ikaisha. Wengine wanapewa kidonge cha flukonazoli, lakini mwenye mimba asikimeze bila kuandikiwa. Uke unajisafisha wenyewe ndani, nje maji yanatosha. Na chupi zianikwe juani. Hapa ndipo shida ya kambi: wasichana wanaanika chupi na vitambaa vya hedhi chini ya godoro au nyuma ya shitingi kwa aibu, havikauki, vinavaliwa vibichi. Dada zangu, tandazeni kanga nyepesi juu yake mkitaka, lakini jua na upepo vifike.

Na kwa wote: fangasi ikirudi mara kwa mara baada ya kumaliza dawa vizuri, iwe ukeni, iwe utando mweupe mdomoni kwa mtu mzima, omba upimwe sukari na virusi vya UKIMWI. Si kukuhukumu. Mwili unakuambia kuna mlinzi amechoka, na kote kuwili kuna matibabu.

Mwisho, maneno kwa ninyi mnaofanya kazi kwenye mashirika, najua mnatusoma. Mnatufundisha usafi kila siku, na mabango tunayaona. Viwango vya Sphere, ambavyo ni vyenu wenyewe, vinasema kila mtu apate gramu 250 za sabuni ya kuogea na gramu 200 za kufulia kwa mwezi, na kila mtu awe na mita za mraba 3.5 za kuishi ndani ya nyumba. Hesabuni na sisi. Mkimwona mtoto mmoja ana mapunye, ulizeni analala na nani na ananyolewa na nani. Mkitoa dawa ya wiki mbili kwa ugonjwa wa wiki nane, tutamaliza mbili tuone tumepona. Na wafundisheni vinyozi na wasusi. Sisi tunashika vichwa vingi kuliko daktari yeyote. Hakuna aliyewahi kunifundisha mpaka siku ile mdogo wangu alipovimba.

Yeye sasa ana miaka kumi na moja. Amesharudi shule zamani, ni mlinda mlango wa timu ya darasa. Utosini pamebaki mahali padogo, ukubwa wa sarafu, ambapo nywele hazitaota tena. Uvimbe ule uliua mashina yake. Muuguzi alisema tungewahi wiki mbili nyuma pengine pangeota. Kila nikimnyoa napafikia, napita taratibu. Yeye hajali, ananiambia, "Yaya, fanya haraka, mpira unaanza."

Ukimaliza kusoma hapa, usinitumie pole. Angalia kichwa cha mdogo wako.